Kijiji kimetunzwa na nani?

Saa moja kasoro robo asubuhi ukungu bado umelala juu ya mashamba ya tufaha, na Neville Preece amepiga magoti kando ya barabara inayoingia Stanbrook Lacy. Mkono wake wa kulia umezama hadi kiwiko ndani ya shimo la maji ya mvua. Anavuta. Linatoka bonge la majani meusi, kopo la bia na glavu moja ya mtoto.

Glavu anaisuuza kwenye ndoo, anaikamua, anaichomeka kwenye ncha ya uzio.

"Mwenyewe atapita," anasema. "Saa mbili na nusu wanakwenda shule."

Halafu anainuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, anachukua kitambaa na kufuta kibao kilicho juu ya kichwa chake. Ni cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani, herufi nyeupe. Kimeandikwa "Best Kept Village". Kwa lugha yetu tungesema, kijiji kilichotunzwa vizuri kuliko vyote. Chini yake kuna mwaka, basi.

Kilitunzwa na nani, kibao hakisemi. Anayekifuta kibao kila Jumatatu ndiye aliyekitunza kijiji.

Nev, kama wanavyomwita wote hapa, ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa mtunza njia wa kijiji hiki cha mpakani mwa Uingereza na Wales. Kazi hii ni ya tangu zamani: mtu mmoja anakabidhiwa vipande vya barabara na kuambiwa, hivi ni vyako. Vya Nev vinafika maili nne ukiviunganisha. Humo kuna mashimo thelathini na moja ya maji, mitaro, nyua za miti, vibao, mabenchi manne na kituo kimoja cha basi ambacho popo wamekigeuza nyumba.

Analipwa na baraza la kijiji, saa ishirini kwa wiki, pauni kumi na mbili na nusu kwa saa. Mkewe, Glenys, anapika shuleni. Si maisha ya kulalamika, anasema Glenys, lakini si maisha ya kupoteza saa hata moja.

Zana zake zinakaa kwenye toroli. Mundu una mpini alioubadilisha mara tatu. Glavu zake za kazi zimeshonwa vidoleni kwa uzi mwekundu, maana siku ile uzi mweusi ulikuwa umekwisha nyumbani.

Septemba iliyopita waamuzi wa mashindano ya vijiji walipita Stanbrook Lacy mara mbili bila kujitambulisha, kama kawaida yao. Walitazama mitaro, walipapasa migongo ya mabenchi, walisoma vibao. Kijiji kikashika nafasi ya kwanza. Ikaandaliwa sherehe ukumbini, chai na keki, na mwenyekiti wa baraza, Bwana Hugh Aldous, daktari wa mifugo aliyestaafu, akasimama kuhutubia.

Aliwashukuru akina mama wa vikapu vya maua. Aliishukuru hali ya hewa. Halafu akaorodhesha: mitaro ilizibuliwa, nyua zilikatwa, mabenchi yalisafishwa kuliko mwaka wowote. Watu wakapiga makofi.

Nev alikuwa nje, anayaelekeza magari yasizame kwenye tope. Dirisha lilikuwa wazi.

"Nilisikia vizuri tu," anasema. "Nikajisemea, ee, kweli, yalisafishwa."

Hakuna aliyemkusudia ubaya. Watu wa huku huona haya kumsifu mtu mbele ya macho yake, na ukimsifu yeye mwenyewe hutafuta mlango. Basi wanaisifu kazi, na mwenye kazi wanamwachia ajue moyoni mwake. Mungu anaona, na hilo ni kubwa. Lakini baraza la kijiji halisomi kwenye kitabu cha Mungu. Linasoma karatasi zilizo mezani.

Januari baraza likakaa. Mjumbe mmoja akasema kijiji kimekwisha kuwa kizuri kuliko vyote, sasa kinahitaji kuguswa tu mara nne kwa mwaka, na ipo kampuni ya mjini yenye mashine. Wakakubaliana hivi: kama mtunza njia anataka kuendelea, aombe kwa maandishi kabla Februari haijaisha. Wangepiga kura Alhamisi ya pili ya Machi.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la nusu saa na kikombe cha chai. Kwa Nev lilikuwa mlima.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano. Kusoma anasoma, polepole, kidole chini ya mstari. Kuandika ndiko kulikomshinda. Kwa miaka mingi fomu zote za nyumbani alizijaza Glenys, na Nev akatia sahihi. Oktoba iliyopita ndipo alipojikaza akajiunga na darasa la watu wazima, kila Jumanne alasiri, katika chumba cha nyuma cha kanisa la Methodisti.

Wanafunzi ni sita, na watano wametoka nchi nyingine kuja kuchuma tufaha na kuosha kuku kiwandani. Aliyezaliwa hapa ni Nev peke yake. Mwenzake mmoja, Stoyanka, mama wa Kibulgaria mwenye kicheko kikubwa, alimwambia siku ya kwanza, "Nev, na wewe umechelewa sana kufika Uingereza, kuliko hata sisi."

"Nilipotea njiani," Nev akamjibu, na tangu hapo wanakaa meza moja.

Anayewafundisha ni Bi Rosalind Tranter, miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu mwenye penseli nyuma ya sikio. Novemba alikuwa akiwafundisha namna Waingereza wanavyosifu kitu bila kumtaja mtu. Wanachukua neno la kupita yote, vizuri kuliko vyote, sana kuliko wote, wanalibandika mbele ya neno la kutendwa. Kilichotunzwa kuliko vyote. Aliyependwa kuliko wote. Linalotembelewa kuliko yote. Mtendaji anaweza kuwekwa mwishoni kwa kineno kidogo tu, "by", ambacho kwetu sisi ni "na". Lakini mara nyingi hawamweki, maana sifa ikishapanda juu kiasi hicho, sikio haliulizi tena.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kutafuta maneno ya aina hiyo barabarani. Wengine walileta mawili, matatu. Nev alileta kumi na moja.

"Nilishangaa," anasema Bi Tranter. "Mtu anayesoma kwa kidole, kumi na moja. Nikamuuliza umeyapataje. Akaniambia, mwalimu, mimi ndiye navifuta hivyo vibao."

Aliyataja yote kwa kichwa. Lango la kanisa la kale, linalopigwa picha kuliko yote wilayani. Baa, ambayo mkate wake wa nyama umesifiwa kuliko wote. Jibini ya dukani, ambayo huliwa vizuri zaidi ikikaa nje ya friji kwanza. Na benchi lililo mkabala na posta, lenye bamba la shaba la marehemu Ivor Hargest: aliyependwa kuliko wote, anayekumbukwa kuliko wote.

Bi Tranter akawauliza darasa zima, haya, Ivor alipendwa na nani? Iko wapi ile "na"?

"Pale hakuna haja ya kuandika," Nev akasema. "Ijumaa saa nne amekaa juu yake."

Alikuwa anamzungumzia Bi Eluned Hargest, mjane wa Ivor, miaka themanini na minne. Kila Ijumaa, akitoka posta, hukaa hapo nusu saa na mkoba wake mapajani. Na kila Ijumaa, kabla ya saa tatu, Nev huliosha benchi hilo kwa maji ya moto aliyoyabeba kwenye chupa ya chai, maana ndege wanapenda kutua pale, na maji baridi hayaondoi.

Bi Tranter anasema siku ile aligeukia dirisha, kisha akaendelea na somo.

Februari ikafika. Nev akaamua barua ya maombi ataiandika mwenyewe, asimwonyeshe mwalimu wala mkewe. Alitaka iwe yake. Aliandika jioni nne mfululizo kwenye meza ya jikoni. Na kwa sababu ilikuwa barua ya kwenda kwa wakubwa, akaiandika kwa ile lugha aliyoiona kwenye vibao na kuisikia kwenye hotuba.

Nakala aliyobaki nayo nyumbani ninayo hapa. Mwandiko ni wa mtu anayebonyeza kalamu. Inasema: Mashimo yote thelathini na moja yamezibuliwa. Mitaro ya barabara ya kinu imechimbwa kina kuliko zamani. Nyua zimekatwa kabla ndege hawajaanza kutaga. Mabenchi yameoshwa. Kibao kimefutwa. Inatarajiwa kwamba kazi itaendelea kufanywa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: N. Preece.

Akaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la baraza, akarudi nyumbani akakata kipande kikubwa cha keki.

Wajumbe wakaisoma, wakaipenda. Waliipenda kama taarifa ya hali ya kijiji. Ikawekwa kwenye faili la taarifa. Mwezi ulipokwisha, kwenye kumbukumbu za baraza pakaandikwa: maombi ya mtunza njia, hakuna yaliyopokelewa.

Siku tatu baadaye Bwana Aldous alikuwa akitembeza mbwa wake, akamkuta Nev mtaroni. Kwa sauti ya pole akamwambia amesikitika kuona hakuomba, lakini ile taarifa yake ilikuwa safi sana.

Nev akamjibu, "Hamna shida, Bwana Aldous."

Glenys akisimulia hapo mpaka leo anashika kiuno. "Amekuja nyumbani, amevua viatu, amekaa. Namuuliza una nini. Ananiambia. Nikamwambia, Nev, mtu amekwambia hukuomba kazi, na barua umeandika siku nne, na wewe umemjibu hamna shida?"

"Alikuwa na mbwa," Nev anajitetea kutoka upande wa pili wa meza. "Mbwa alikuwa anamvuta."

"Mbwa alikuwa anamvuta," Glenys anarudia, ananitazama mimi mgeni. "Miaka thelathini na mbili ya ndoa hii."

Jumanne iliyofuata aliivaa kofia yake akampeleka mumewe darasani kwa miguu, akaiweka ile nakala mbele ya Bi Tranter, akaondoka bila kukaa.

Bi Tranter aliisoma mara mbili. Hakucheka. Alichukua penseli nyuma ya sikio na pembeni ya kila mstari akaandika maneno mawili: na nani? Yamezibuliwa, na nani? Yameoshwa, na nani? Inatarajiwa, na nani? Alipofika chini ukurasa ulikuwa umejaa.

"Sarufi yako haina kosa hata moja," akamwambia. "Ila humo ndani hamna mtu."

Nev akasema, mwalimu, wanajua ni mimi, nani mwingine? Bi Tranter akamwambia hawajui. Wameishi na kazi yako miaka ishirini na mitatu wakidhani ndivyo kijiji kilivyo.

Wakakaa kuiandika upya. Kwa Kiingereza "mimi" ni herufi moja tu, imesimama wima peke yake kama nguzo ya uzio. Katika barua ile mpya ilibidi aisimamishe mara kumi na nne. Stoyanka, aliyekuwa meza ileile, anasema hajawahi kumwona mwanamume anatoka jasho namna ile kwa kuandika herufi moja.

"Kila nikiiandika," Nev anasema, "naona kama nimesimama kanisani nimevua shati."

Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imeshapita. Njia moja tu ilibaki. Kabla ya kura, mkazi yeyote anaruhusiwa kusema mbele ya baraza dakika tatu. Barua haingepokelewa, lakini ingeweza kusomwa. Na ingebidi aisome mwenyewe.

Alhamisi ile, saa moja jioni, ukumbi ulikuwa na wajumbe saba mezani na watu kama ishirini kwenye viti. Nev alivaa koti la mazishi, hana jingine. Alisimama, akakunjua karatasi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

Alisoma polepole. Nimezibua mashimo thelathini na moja. Nimechimba mitaro ya barabara ya kinu. Nimekata nyua kabla ndege hawajaanza kutaga. Katikati alikwama kwenye neno moja, akalirudia, akalipita. Kwenye mstari wa tisa alisoma, kila Ijumaa naliosha benchi la Ivor Hargest kwa maji ya moto.

Kwenye safu ya pili Bi Eluned Hargest aliinua kichwa.

Nev alimaliza na mstari aliouongeza nyumbani, ambao Bi Tranter hakuwa ameuona: "Kijiji hiki nimekitunza mimi. Naomba niendelee." Akakaa. Zilibaki sekunde ishirini katika dakika zake tatu, na hakuna aliyezitumia.

Halafu Bi Hargest akasema, bila kusimama, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani, lakini ukumbi mzima ulisikia.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Nilidhani ni mvua."

Bwana Aldous alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaomba lile faili la taarifa, akaitoa barua ya kwanza, akaisoma upya kimya pale pale mbele ya watu. Kisha akasema yeye binafsi aliisoma vibaya, na anaomba radhi. Nev alitazama sakafu.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Nev anaendelea kwa mwaka mmoja, kisha baraza litaangalia tena. Saa zimepunguzwa, kutoka ishirini hadi kumi na sita.

"Kumi na sita za kulipwa," anasema Glenys akimimina chai. "Zile nne atazifanya bure, namjua mtu wangu."

Nev hakatai. Anasema mashimo ni yaleyale thelathini na moja, hayasomi kumbukumbu za baraza.

Mambo machache yamebadilika. Watu wa magari, waliokuwa wakimpita kama wanavyopita nguzo, sasa wanainua kidole kimoja kwenye usukani, na hapa hiyo ni salamu kubwa. Mtu alijitolea kuongeza jina lake kwenye kibao cha kijani. Nev alikataa kabla mtu huyo hajamaliza kusema. Bi Hargest Ijumaa hizi anafika mapema zaidi, saa tatu kasorobo, anamkuta Nev na chupa yake. Hawazungumzi mengi. Yeye husubiri benchi likauke, na Nev hulipitishia kitambaa mara ya pili ili asisubiri sana.

Kiangazi hiki Stanbrook Lacy kinaingia tena mashindanoni. Kuna fomu ya kurasa mbili. Miaka yote imejazwa na kamati, na penye mstari wa kijiji kinatunzwa na nani, kamati imeandika, na wanakijiji. Safari hii Bwana Aldous aliileta mwenyewe hadi mlangoni kwa akina Preece, akamkabidhi Nev, akasema nadhani hii ni yako, na kwa kuwa mbwa alikuwa anavuta, akaondoka.

Nev anasema mpango wake ni kuijaza yote kwa mkono wake, bila Glenys, na mwakani baraza likitaka tena maandishi ayaandike kwa jioni moja badala ya nne. Kisha anataka kuendelea na darasa mpaka aweze kusoma gazeti bila kidole. Haombi zaidi ya hapo.

Fomu iko juu ya meza ya jikoni, imekandamizwa na chupa ya sosi isikunjike. Ameijaza kwa penseli kwanza, kama Bi Tranter alivyomfundisha, halafu ataipitia kwa wino. Jina la kijiji. Idadi ya wakazi. Maili za barabara.

Kwenye ule mstari wa kijiji kinatunzwa na nani amefuta mara mbili, karatasi imekuwa nyembamba. Mara ya tatu ameandika, kwa mwandiko wake wa kubonyeza:

Na Neville Preece, na mvua.